Shahada ya Muuguzi

Neno kuuguza lina ajabu yake. Kwa kanuni ya sarufi yetu, kitenzi kikinyambuliwa kwa namna hii aghalabu hupata maana ya kusababisha: kupungua huzaa kupunguza, kuungua huzaa kuunguza, na mwenye kuunguza ndiye aliyeleta moto. Kwa kanuni hiyo kuuguza kungekuwa kumtia mtu maradhini, na muuguzi angekuwa mtu wa kukimbiwa. Walakini lugha haifuati kanuni kila siku. Maana iliyoshika mizizi ni ya kumkalia mtu katika kuugua kwake: kumlisha, kumgeuza ubavu, kumsikiliza anapogumia kwa maumivu, mpaka apone au amalize safari yake. Neno shahada nalo lina asili yake. Tulilipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ushahidi. Basi shahada ya uuguzi, kwa tafsiri ya maneno yenyewe, ni ushahidi juu ya mtu aliyekaa na wagonjwa. Nataka kuuliza katika kurasa hizi kwamba ni ushahidi wa nini hasa, na unampeleka wapi yule anayeshuhudiwa.

Sababu ya kuuliza ni dada yangu. Yeye ni mkubwa wangu kwa miaka mitatu, ni muuguzi aliyesajiliwa, na kwa zaidi ya miaka ishirini ametumikia hospitali ya serikali hapa Unguja, nyingi kati ya hizo katika wodi ya wazazi. Stashahada yake aliipata katika chuo cha afya cha Mbweni, siku ambazo chuo hicho kilikuwa bado hakijaunganishwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Kwa stashahada ile amewapokea watoto wengi kabla mama zao hawajawashika, na hapana mtu mtaani kwetu Kiponda aliyepata kumwuliza kama ana karatasi nyingine. Mwaka 2021, akiwa ametimiza miaka arobaini na mitano, alijiandikisha kusomea shahada ya kwanza ya uuguzi katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza bila ya kuvuka bahari. Masomo yote yalimjia kwa mtandao. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha Kiswahili na nina shahada ya uzamivu ya lugha hiyo, niliteuliwa kuwa msomaji wa kwanza wa kila insha yake. Sikuombwa. Dada mkubwa haombi.

Habari ilipofika barazani mzaha ulikuwa mwingi. Mzee mmoja wa mtaa alimsimamisha akitoka kazini akamwuliza, "Mwanangu, sindano utaichoma vipi kwa simu?" Dada akamjibu, "Sindano nishachoma, babu. Hata wewe nilikuchoma mwaka juzi." Watu wakacheka, na kwa kweli jawabu lote limo katika maneno hayo. Masomo ya namna hii yametengenezwa kwa watu waliokwisha kusajiliwa. Hayamfundishi mkono kazi ambayo mkono umeifanya miaka ishirini. Yanamfundisha mtu utafiti, takwimu, maadili, uongozi, afya ya jamii, na zaidi ya yote kuandika kwa hoja kile anachokitenda. Mtu anayetaka kuwa muuguzi tangu mwanzo hawezi kusoma hivyo, wala asiruhusiwe; yeye lazima asimame kando ya kitanda chini ya macho ya aliyemtangulia, akosolewe papo hapo, arudie.

Kusoma kwa mbali si jambo la jana. Chuo Kikuu cha London kilianza mwaka 1858 kutoa shahada kwa watu wasiofika madarasani mwake, barua zikisafiri kwa meli. Hapa Tanzania Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikaanza kufundisha mwaka 1994. Lakini uuguzi ulichelewa kuingia katika mlango huo. Kwa muda mrefu muuguzi aliyetaka shahada alikuwa na njia moja tu, nayo ni kuiaga wodi. Kwa mtu wa Unguja maana yake ilikuwa kupanda boti kwenda Dar es Salaam au mbali zaidi, kukaa miaka, kuwaachia wazee wake majirani, na kuviacha vitanda vyake kwa mwenzake ambaye alikuwa tayari na vitanda vya kumtosha. Wengi hawakwenda. Baadhi ya waliokwenda hawakurudi.

Njia nyingine ilianza kuchimbwa mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianzisha katika Kenya, Tanzania na Uganda masomo ya wauguzi walio kazini, ambao waliweza kuhudhuria darasa siku chache na kurudi wodini siku nyingine. Mwaka 2005, nchini Kenya, AMREF ikishirikiana na Baraza la Wauguzi la nchi ile na kampuni ya Accenture ilianza kuwafundisha kwa kompyuta wauguzi wa ngazi ya cheti ili wapande wawe wauguzi waliosajiliwa. Waliohitaji kupandishwa walikuwa zaidi ya 20,000, idadi ambayo madarasa ya kawaida yasingeweza kuibeba. Napenda kukumbuka kwamba AMREF ndiyo ile iliyoanza mwaka 1957 kwa kumrusha daktari kwa ndege mpaka alipo mgonjwa. Karibu miaka hamsini baadaye ikampelekea muuguzi somo mpaka alipo. Shahada ya dada yangu ni mtoto wa fikira hiyo hiyo: anayehitajiwa asiondolewe mahali anapohitajiwa.

Sasa nieleze mambo yalivyokuwa nyumbani. Nyumba yetu ilijengwa na watu waliolijua joto na hawakuujua mtandao. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake wapita mkono mzima kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kuta hizo huzuia jua, na huzuia simu vivyo hivyo. Chumbani mwa dada mtandao ulikuwa hauingii hata kidogo. Ukumbini uliingia kwa kudokoa. Basi mwanafunzi wetu alipanda ngazi zote mpaka juu kabisa, mahali pa wazi tunapoanika nguo, akatandika busati, akaketi na kompyuta mapajani na kanga kichwani kwa ajili ya umande. Kutoka pale aliwasikiliza walimu wake huku adhana ya misikiti ya mtaani ikipokezana. Masika yalipoanza alishuka akakaa rohoni juu mbele ya dirisha la ghorofa ya tatu, mkono mmoja umeshika simu nje ya dirisha. Jirani wa ng'ambo ya kichochoro alidhani anapiga picha za mapaa.

Umeme ulimtendea wema kuliko nilivyotazamia. Umeme wa kisiwa hiki hutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, nasi wa makamo tunakumbuka maana yake. Mwaka 2008 njia ile iliharibika tukakaa takriban mwezi mzima gizani, na kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010 tulikaa takriban miezi mitatu. Waya mpya ulikamilika mwaka 2013. Kama dada angeanza masomo yake katika giza lile, insha zake angeziandika kwa taa ya kandili na kuzituma kwa boti.

Saa ndiyo iliyomchosha. Chuo kilitaka kila insha ifike kabla ya saa sita ya usiku kwa saa za London. Wakati wa baridi ya Uingereza, saa sita yao ni saa tisa ya usiku wetu. Wakisogeza saa zao mbele mwezi wa Machi, huwa saa nane. Watu wa visiwani, ambao tangu zamani twaihesabu saa ya kwanza kutoka maghribi, tulijikuta tuna saa tatu nyumba moja: ya mama, ambaye huhesabu kwa adhana, ya hospitali, ambayo huhesabu kwa zamu, na ya chuo. Mara nyingi insha ilipelekwa baina ya kula daku na kulala, au baina ya kuvua sare na kuvaa kanga.

Ada niiseme kwa ufupi. Aliilipa kwa mchezo wa wauguzi wenzake, kila mwezi mmoja wao akipokea fungu, na fungu lilipopungua mkufu mmoja wa harusi ulishuka kwa sonara. Kabla hajalipa hata senti moja aliuliza kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kama shahada ya chuo kile hutambuliwa nchini. Wako waliolipa kwanza wakauliza baadaye, na karatasi zao zimebaki mapambo ya ukutani.

Tabu kubwa kuliko ukuta, saa na ada ilikuwa lugha, na hapa naomba ruhusa ya kukawia, maana ndipo nilipojifunza mimi. Dada huuguza kwa Kiswahili na alisoma kwa Kiingereza. Mgonjwa wa Unguja hataji ugonjwa. Hueleza mwili unamtendea nini. Husema moyo unampapa, kichwa kinamwanga, tumbo linamsokota, mbavu zinamchoma, viungo vinamkatika. Kila kitenzi kati ya hivyo kina mahali pake na kipimo chake, na muuguzi mzoefu husikia ndani yake jambo ambalo mgeni hasikii. Yako pia maneno mapana kama bahari. Mzazi akisema ana chango, huenda anasema juu ya msokoto wa tumbo baada ya kuzaa, au maumivu ya miaka mingi, au hofu aliyotiwa na shangazi yake. Neno mshipa ndilo gumu kuliko yote: ni njia ya damu, ni neva, ni ukano, na kwa mwanamume mzee ni ugonjwa ambao hataki kuutaja mbele ya binti. Katika insha za chuo dada alitakiwa achague neno moja lenye maana moja. Ipo Kamusi ya Tiba iliyotolewa Dar es Salaam, nayo imetufaa. Lakini kamusi ile humshika mkono anayetoka katika kitabu kwenda kwa mgonjwa. Anayetoka kwa mgonjwa kwenda katika kitabu hatujamwandikia kitu cha kutosha, na lawama hiyo ni ya wasomi wa lugha kabla ya kuwa ya matabibu.

Usiku mmoja alinisomea maelezo ya mzazi aliyemhudumia zamani. Alikuwa ameandika, kwa desturi ya Kiingereza cha hospitali, kwamba mgonjwa alilalamika. Nikamwuliza, "Alilalamika nini?" Akanyamaza kidogo. "Hakulalamika. Aliniambia, nesi, usiondoke." Nikamshauri ayaweke maneno yale kama yalivyosemwa, kwa Kiswahili, na tafsiri chini yake. Mwalimu wake wa Uingereza hakuyafuta. Aliandika pembeni swali moja: maneno hayo yalimwambia nini muuguzi juu ya hali ya mgonjwa?

Swali hilo lilimkalisha dada juu ya nyumba siku mbili. Alikuwa anajua alichofanya: alirudi, akapima mapigo ya moyo, akayaona yanakwenda mbio ijapokuwa shinikizo la damu lilikuwa bado halijashuka, akamwita daktari, na mwanamke yule akaokolewa kutoka katika damu iliyokuwa ikimtoka bila ya kuonekana. Alichokuwa hajawahi kukisema ni kwa nini alirudi. Katika vitabu vya chuo akakuta kwamba hofu na kutotulia ni miongoni mwa dalili za mwanzo za mtu anayepoteza damu, na kwamba mapigo huanza kukimbia kabla ya shinikizo kuanguka. Mkono ulikuwa umeyajua hayo miaka mingi; kwa mara ya kwanza yaliandikwa kwa kalamu yake, na yakaweza kupewa mtu mwingine asiyekuwa na mkono ule. Nathubutu kusema kwamba kama shahada ni ushahidi, basi ushahidi wake mkubwa ni huo.

Kutokana na usiku ule alipata jambo la kuchunguza kwa ajili ya insha yake ya mwisho. Baada ya kupata idhini alikusanya karatasi za wodi za miezi iliyopita, majina yakiwa yamefichwa, akahesabu ni mara ngapi mapigo ya moyo ya waliojifungua yalipimwa mchana na ni mara ngapi usiku. Tarakimu zake ni za wodi yake, nami sina haki ya kuzichapa. Yatosha kusema kwamba usiku ulikuwa na mapengo, na kwamba mapengo yalikuwa mapana zaidi pale zamu ilipokuwa na watu wawili kwa vitanda vingi. Hapakuwa na mvivu katika hesabu ile. Palikuwa na mikono minne. Alipendekeza karatasi moja itundikwe miguuni pa kila kitanda, yenye saa zilizokwisha kuandikwa, ili pengo lionekane kabla halijawa refu. Karatasi hizo zingali zikitundikwa.

Wanaouza shahada za mtandaoni hupenda kuzitaja hesabu za namna nyingine. Mwaka 2003 Linda Aiken na wenzake walichapisha uchunguzi wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani: penye ziada ya asilimia 10 ya wauguzi wenye shahada, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 ulikuwa pungufu kwa asilimia 5. Mwaka 2014 walichapisha uchunguzi mwingine, wa nchi tisa za Ulaya, na punguzo likawa asilimia 7. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2010, taasisi kuu ya tiba ya Marekani ilitaka asilimia 80 ya wauguzi wa nchi ile wawe na shahada ifikapo 2020, na mwaka 2017 jimbo la New York likapitisha sheria ya kuwataka wauguzi wapya waipate ndani ya miaka kumi. Ndipo soko la masomo ya mtandaoni lilipovimba. Lakini uchunguzi ule wa 2014 una nusu ya pili ambayo matangazo huisahau: kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa kufa nao ulipanda kwa asilimia 7. Elimu iliyoongezwa kwa mkono mmoja yaweza kuliwa na mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa mkono wa pili. Dada aliposoma ukurasa ule aliupigia mstari, akaniambia, "Hii ndiyo wodi yetu."

Na hapa ndipo penye shaka yangu. Masomo yalimfuata dada wodini, jambo jema lisilo na mfano katika siku za wazee wetu. Shahada yenyewe, ikishapatikana, hutaka kumtoa. Katika utumishi wetu, kupanda ni kuondoka kitandani. Mwenye cheti humgeuza mgonjwa, mwenye stashahada husimamia zamu, mwenye shahada hupewa meza, na mwenye shahada ya juu zaidi hupewa semina. Tunamsomesha mtu ili ajue vizuri zaidi kumkalia mgonjwa, kisha tunamtuza kwa kumwondolea mgonjwa.

Najua jawabu la wenye meza, nalo si jepesi. Florence Nightingale alikaa katika hospitali za vita chini ya miaka miwili, kutoka Novemba 1854 hadi katikati ya 1856. Miaka mingi iliyobaki aliitumia chumbani, akiwa mgonjwa, akihesabu vifo na kuandika, na yamkini kalamu yake iliokoa watu wengi kuliko taa yake. Kwa upande mwingine yupo Rufaida al-Aslamiya wa Madina, ambaye hema lake lilipigwa msikitini, na ambaye Saad bin Muadh alipelekwa kwake alipojeruhiwa katika Vita vya Handaki. Sifa yake yote imo katika hema. Sitaki kumpambanisha mmoja na mwenzake. Nasema tu kwamba nyuma ya Nightingale palikuwa na nchi yenye uwezo wa kuijaza nafasi yake. Wodi ya wazazi ya hapa ikipoteza mtu mmoja wa usiku, mikono minne huwa miwili mpaka apatikane mwingine, na mwingine hukawia. Nasema pia kwamba karatasi ile ya miguuni pa kitanda ilibuniwa na mtu aliyekuwa na zamu ya usiku wiki hiyo hiyo. Mezani asingeiona haja yake.

Matokeo yalitoka mwaka 2024. Mama alitoa halua na kahawa, na yule mzee wa barazani alikuja akiwa amevaa kanzu ya Ijumaa, akataka aonyeshwe hiyo shahada iliyokuja kwa simu. Miezi michache baadaye barua ya uhamisho ikafika: dada anatakiwa ofisini, kitengo cha mafunzo na takwimu, mshahara juu, zamu za usiku hakuna. Mama alifurahi kwa ajili ya usingizi wake. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa usingizi si wangu.

Ameikubali kazi ile. Ila ameandika barua kuomba aachiwe zamu mbili za usiku kila wiki katika wodi ya wazazi, na aruhusiwe kuwachukua huko wauguzi wapya wawili kwa zamu. Alinisomesha barua hiyo kabla haijapelekwa. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na sikupata neno la kusahihisha. Jawabu halijaja. Wiki hii jina lake bado limo katika orodha ya usiku.